Umeme wa gari la kale: kuutunza wa awali au kuuhamishia volti 12

Mwenye gari la miaka ya 1940 au 1950 hachukui muda mrefu kabla ya kuanza kulalamika. Stata inazunguka kwa uvivu, taa za mbele zinatoa mwanga wa manjano usiofika mbali, na indiketa zinasita kila injini inapokuwa kwenye sailensa, yaani ikizunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta. Akimuuliza fundi, jibu humjia kabla hajamaliza swali: toa volti 6, weka volti 12. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini mara nyingi huwa limeruka hatua. Gari lilelile lilipotoka kiwandani liliwaka asubuhi za baridi kwa volti zilezile sita, na kilichobadilika tangu siku hiyo ni nyaya, viungio na kutu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kwa kuurudishia umeme wa awali nguvu zake, kisha unaeleza namna ya kuuhamisha kwa yule ambaye, baada ya kazi hiyo, bado ana sababu ya kuuhamisha.

Hatua ya kwanza: lijue gari kabla ya kulishika

Usiitegemee betri kukuambia gari lina volti ngapi. Betri ndicho kitu ambacho kila aliyelimiliki gari amekibadilisha, na si ajabu kukuta betri ya volti 12 imefungwa kwenye gari lenye balbu za volti 6 zilizokwisha kuungua siku nyingi. Betri ya asidi ya mtindo wa zamani huhesabiwa kwa vifuniko vya seli: vitatu ni volti 6 na sita ni volti 12, kwa kuwa kila seli hutoa volti 2 na ushee. Ukishaihesabu, soma maandishi yaliyo kwenye vifaa vyenyewe, yaani kitako cha balbu, bamba la mota ya waipa, ubavu wa koili na kifuniko cha katauti, yaani kisanduku kinachodhibiti chaji ya dainamo. Vikikubaliana vyote, umepata jibu. Visipokubaliana, gari limeshaguswa na mtu, nawe unapaswa kujua aliishia wapi kabla hujaanza kazi yako.

Kisha tazama ni ncha ipi ya betri iliyofungwa kwenye bodi, ambayo mafundi huiita ardhi ya gari. Leo tumezoea hasi iwe bodini, lakini magari mengi ya Uingereza yenye vifaa vya Lucas, kampuni ya vifaa vya umeme vya magari, yalikuwa na chanya bodini hadi miaka ya 1960, hata yale yaliyokuwa na volti 12 tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. MGB, gari la michezo la Kiingereza, ilipotoka mwaka 1962 ilikuwa na betri mbili za volti 6 zilizounganishwa mfululizo, chanya bodini, na ikageuzwa kuwa hasi bodini kwa toleo la mwaka 1968. Huko Marekani, Ford walibadili mambo yote mawili kwa mpigo katika magari ya mwaka 1956, kutoka volti 6 chanya bodini hadi volti 12 hasi bodini, ilhali Chevrolet walikuwa wamehamia volti 12 mwaka mmoja kabla. Volkswagen Beetle zilizouzwa Marekani ziliendelea na volti 6 hadi toleo la mwaka 1966. Ninazitaja tarehe hizi kwa sababu ya vipuri: kifaa cha toleo la mwaka unaofuata kinaweza kukaa kwenye matundu yaleyale ya boliti na bado kisiwe cha gari lako.

Kabla ya kulegeza hata skrubu moja, piga picha kila kiungio na ufunge karatasi yenye namba kwenye kila waya. Rangi zitakusaidia pale zinapoonekana. Katika nyaya za Lucas, kahawia hubeba umeme mkuu usiopitia fyuzi, nyeupe ni ya swichi ya kuwashia, kijani hutoka kwenye fyuzi baada ya swichi hiyo, zambarau ina fyuzi na huwa hai wakati wote, buluu ni ya taa kubwa, nyekundu ni ya taa ndogo, na nyeusi ni ya ardhi. Nyaya zilizofunikwa kwa uzi wa pamba hupauka zote zikafanana na vumbi, hivyo funua sehemu iliyojificha chini ya kibanio, ambako jua halikufika, na utaiona rangi yake ya kwanza.

Jambo moja la usalama lisahihishwe mapema. Wengi wamefundishwa kufungua ncha ya hasi kwanza. Kanuni yenyewe ni kufungua kwanza ncha iliyofungwa bodini, ili spana ikigusa chuma cha gari pasitokee shoti. Kwa gari lenye chanya bodini, ncha hiyo ni chanya. Vivyo hivyo, unapoliwasha gari la namna hiyo kwa betri ya gari la kisasa, unganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na uhakikishe kwamba bodi za magari hayo mawili hazigusani mahali popote, hata kwenye bampa.

Hatua ya pili: elewa kwa nini volti 6 haivumilii uchafu

Nguvu ni volti mara ampea. Taa ya wati 60 huhitaji ampea 5 kwenye volti 12, lakini kwenye volti 6 huhitaji ampea 10. Mkondo umekuwa maradufu, na kwa kuwa volti zinazopotea njiani ni mkondo mara ukinzani, waya uleule wenye kiungio kilekile cha kutu hupoteza volti mara mbili zaidi, tena kutoka kwenye akiba iliyo nusu. Mwanga wa balbu ya uzi hupungua kwa kasi kubwa kuliko volti zinavyopungua: balbu ya volti 6 inayopata volti 5.5 hubakiwa na takriban robo tatu tu ya mwanga wake. Nusu volti ni kitu kidogo sana. Swichi moja iliyochakaa huweza kuila peke yake.

Kwenye stata hesabu ni kali zaidi. Stata ikivuta ampea 200, kiungio chenye ukinzani wa sehemu mbili tu za elfu za omu, ambao multimita ya kawaida haiwezi hata kuuonyesha, hupoteza volti 0.4. Ndiyo maana kupima ukinzani wa kebo gari likiwa limezimwa hakusaidii kitu. Kebo yenye nyuzi mbili tu zilizobaki hai itakuonyesha sifuri, kisha itashindwa siku utakapobonyeza stata.

Hatua ya tatu: tafuta mahali volti zinapopotelea

Kazi hii huchukua nusu saa na ndiyo yenye faida kuliko zote zilizomo humu. Chaji betri hadi ijae, kisha iache itulie saa kadhaa; betri nzima ya volti 6 itasoma takriban 6.3 hadi 6.4, na ya volti 12 itasoma kama 12.6 au zaidi kidogo. Chomoa waya unaopeleka umeme kwenye koili ili injini isiwake, weka gia huru, vuta breki ya mkono, na umwombe mtu akae ndani abonyeze stata kila utakapomwambia.

Weka ncha moja ya multimita juu ya nguzo ya betri upande ule usioungwa bodini. Nasema juu ya nguzo yenyewe ya risasi, si juu ya kibanio chake. Ncha ya pili iweke kwenye terminali ya stata. Stata inapozunguka, usomaji huo ndio hasara ya upande huo wote. Rudia kati ya nguzo ya pili na ganda la stata ili kupata hasara ya upande wa ardhi. Kwa volti 6 ninaridhika na robo volti au chini ya hapo kwa kila upande. Kwa volti 12 unaweza kuvumilia nusu volti upande wa umeme, lakini upande wa ardhi uwe robo vilevile. Ukikuta hasara kubwa, gawa njia vipande vipande: nguzo hadi kibanio, kibanio hadi mwisho wa kebo, terminali moja ya swichi ya stata hadi nyingine, chesisi hadi injini. Mahali usomaji unaporuka ndipo ugonjwa ulipo. Wakati huohuo pima volti za betri yenyewe, maana betri ya volti 6 inayoanguka chini ya 4.8 stata ikizunguka imechoka, na ya volti 12 haipaswi kushuka chini ya 9.6.

Gari langu la kwanza la kale nililinunulia betri mbili mpya kabla sijafanya kipimo hiki. Nilipokifanya hatimaye, niliona volti 1.1 zikipotea kati ya injini na chesisi. Mkanda wa ardhi uliosukwa kwa nyuzi za shaba ulikuwa mpya, unang'aa, na umekazwa vizuri. Nilipoufungua nikakuta umekaa juu ya tabaka la rangi nyeusi ya chesisi, laini kama kioo, iliyopigwa kwa bidii na mtu aliyetaka gari lipendeze. Umeme wote wa stata ulikuwa ukipenya kupitia ukingo wa boliti. Nilikwangua duara lenye ukubwa wa sarafu hadi chuma cheupe kikaonekana, nikaweka washa yenye meno, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu yake baada ya kukaza. Usomaji ukashuka hadi 0.1, na stata ikazunguka kama ya gari jingine kabisa. Tangu hapo, gari lolote lililopakwa rangi upya nalishuku ardhi yake kwanza.

Kosa la pili linalojirudia ni unene wa kebo. Kebo za betri zinazouzwa tayari dukani hutengenezwa kwa ajili ya magari ya volti 12, na nyingi zina shaba ya milimita za mraba 16 hadi 25. Gari la volti 6 linahitaji 50 au zaidi. Usidanganywe na unene wa plastiki ya nje, kwa sababu kebo hafifu huvikwa koti nene. Kata ncha uhesabu shaba, au nunua kebo ya mashine za kuchomelea yenye ukubwa ulioandikwa, kisha ifungwe vichwa vyake kwa kibano cha nguvu.

Hatua ya nne: uimarishe mfumo wa awali

Ukiwa umeamua kubaki, anza na nyaya. Za kabla ya miaka ya 1950 zina mpira ndani ya ala ya uzi wa pamba, na mpira huo hukauka ukawa kama ganda la yai. Pinda waya taratibu karibu na taa: ukisikia unakatika kwa ndani, usiuzungushie utepe, badilisha mkungu mzima, yaani fungu lote la nyaya. Mikungu mipya hutengenezwa yenye plastiki ndani na uzi wa pamba nje, na asiyejua hataitofautisha na ya zamani. Katika kuunganisha, vichwa vilivyobanwa kwa kibano kinachofaa ni bora kuliko kulehemu kwa risasi kila mahali, kwa sababu lehemu hufanya waya kuwa mgumu, na mahali ugumu unapoishia ndipo mtikisiko huukata.

Fyuzi zinahitaji neno lake. Namba iliyochapishwa kwenye fyuzi ya kioo ya Lucas ni ya mkondo unaoikata, na uwezo wake wa kubeba mfululizo ni nusu ya hapo; fyuzi iliyoandikwa 35 hubeba ampea 17 hivi. Fyuzi za Marekani huandikwa kwa uwezo wa kubeba. Ukitoa ya Lucas ya 35 ukaweka ya Marekani ya 35, umeruhusu mkondo maradufu kupita, na kitakachoungua kwanza huenda kikawa waya. Mengi ya magari haya yana fyuzi mbili tu, au hayana kabisa kwenye njia ya taa kubwa. Kuongeza fyuzi ya siri karibu na betri hakumharibii mtu uhalisi wa gari lake.

Taa za mbele hunufaika sana na rilei, yaani swichi inayoamrishwa kwa mkondo mdogo ili ipitishe mkubwa. Katika mpangilio wa awali, umeme wa taa hutoka betri, hupita kwenye amita (kipimo cha mkondo), huingia kwenye swichi ya dashibodi, hushuka kwenye swichi ya mguu, ndipo hufika mbele. Weka rilei mbili za volti 6 karibu na taa, moja ya mwanga wa juu na moja ya mwanga wa chini, zipewe waya mnene wenye fyuzi, na swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamrisha rilei tu. Chukua waya huo kwenye terminali ya katauti inayoelekea betri, maana ukiuchukua kwenye betri moja kwa moja, amita itaonyesha taa kana kwamba ni betri inayochajiwa. Ardhi ya kila taa nayo iende kwa waya wake hadi kwenye chesisi, badala ya kutegemea skrubu zenye kutu. Balbu za halojeni za volti 6 zipo, lakini hakikisha kwanza kioo cha nyuma cha taa bado kinaakisi. Balbu kali mbele ya kioo kilichopauka ni umeme unaopotea bure. Balbu za LED zinafaa kwa taa za nyuma na za breki, mradi ununue zenye volti zako na zinazokubali chanya bodini ikiwa ndivyo gari lilivyo. Ukiziweka kwenye indiketa, flasha ya zamani haitapepesa, kwa kuwa inategemea joto la mkondo wa balbu za uzi.

Dainamo mara nyingi huhukumiwa bila kesi. Kwa maumbile yake haitoi kitu cha maana injini ikiwa sailensa, na taa nyekundu ya chaji kuwaka hafifu wakati huo si kosa. Kwa dainamo ya Lucas yenye terminali mbili, D kubwa na F ndogo, kipimo ni rahisi: chomoa nyaya zake zote mbili, unganisha D na F kwa kipande cha waya, weka multimita kati ya hapo na bodi, kisha washa injini na uongeze mwendo polepole hadi mizunguko 1,000 hivi kwa dakika. Volti zikipanda kwa haraka bila kuyumba, dainamo ni nzima. Usiziache zivuke 20. Zisipopanda, tazama brashi za kaboni na usafishe komuteta, yaani silinda ya shaba inayoguswa na brashi hizo, kwa msasa laini kabla ya kufikiria kitu kingine. Dainamo ikiwa nzima na betri haichajiwi, tatizo liko kwenye katauti au nyaya zake, na hapo pointi zilizounguzwa ndizo huonekana kwanza. Gari la volti 6 linalochaji vizuri litasoma takriban 7.0 hadi 7.4 kwenye betri. Chaja ya nyumbani nayo iwe ya volti 6; ya volti 12 itaichemsha betri.

Kuna ushauri unaozunguka wa kufunga betri ya volti 8 ili kupata nguvu za katikati. Mimi siupendi. Betri hiyo haitajaa mpaka katauti irekebishwe itoe karibu volti 10, na hizo zitapita kwenye kila balbu na kila geji iliyotengenezwa kwa sita.

Hatua ya tano: amua kwa sababu, si kwa mazoea

Zipo sababu nzuri za kuhama. Gari linaloendeshwa usiku kila wiki, linalohitaji redio ya kisasa au feni ya umeme ya kupozea injini, au ambalo balbu na betri zake za volti 6 hazipatikani tena unakoishi, lina haki ya volti 12. Gari linalotoka mara chache kwenda maonyesho, ambalo bado lina vifaa vyake vyote vya kiwandani, halina haja hiyo. Kugeuza ardhi na kupandisha volti ni mambo mawili tofauti: gari la Kiingereza la volti 12 chanya bodini linaweza kugeuzwa kuwa hasi kwa alasiri moja, ilhali kupandisha volti hugusa kila kitu kinachotumia umeme.

Hatua ya sita: kugeuza ardhi kutoka chanya hadi hasi

1. Fungua betri, igeuze, na ubadilishe vibanio kwa kuwa nguzo ya chanya ni nene kuliko ya hasi. Usiifunge bado.

2. Kwenye koili, badilishana nyaya mbili ndogo ili ule unaokwenda kwenye distribyuta uwe upande wa hasi. Lengo ni ncha ya kati ya plagi ibaki na umeme hasi, kwa sababu ncha hiyo ndiyo yenye joto zaidi na cheche huruka kutoka kwake kwa volti chache zaidi. Ukisahau, injini itawaka, lakini itakosa moto inapobebeshwa mzigo, nawe utailaumu kabureta.

3. Badilishana nyaya za amita, la sivyo itaonyesha kuchaji pale inapopungukiwa.

4. Ioneshe dainamo mwelekeo mpya wa sumaku yake. Kwa Lucas, chomoa nyaya za D na F, funga betri, kisha chukua waya kutoka nguzo isiyo ya ardhi, ambayo sasa ni chanya, uguse terminali F mara tatu au nne kwa muda mfupi mfupi. Utaona cheche ndogo. Rudisha nyaya kabla ya kuwasha injini. Dainamo za Bosch na nyingi za Marekani zina mpangilio tofauti wa uga (koili zinazotengeneza sumaku ndani yake), kwa hiyo kwa hizo fuata kitabu cha gari lenyewe.

5. Tafuta vitu visivyovumilia kugeuzwa: redio yenye transista, takometa ya umeme, pampu ya mafuta yenye daiodi ndani, na mota ndogo zenye sumaku ya kudumu kama za feni ya hita, ambazo zitazunguka kinyume mpaka nyaya zake zibadilishwe.

Stata haiguswi. Uga wake na rota yake hugeuka pamoja, na mzunguko unabaki uleule. Hali ni hiyo pia kwa mota za waipa zenye uga wa nyaya.

Hatua ya saba: kutoka volti 6 hadi 12

Nyaya zenyewe zinatosha, kwa kuwa mkondo umepungua kwa nusu kwa wati zilezile. Balbu zote hubadilishwa, pamoja na flasha na rilei. Hesabu hata zile ndogo za dashibodi, maana moja utakayoisahau ndiyo itakayokufanya ufungue dashibodi upya. Koili ya volti 6 ina ukinzani wa karibu omu 1.5, na ya volti 12 karibu omu 3, hivyo ama nunua koili ya volti 12, ama bakiza ya zamani na uiwekee rezista ya omu 1.5 mbele yake. Kondensa na pointi za distribyuta hubaki.

Stata ya volti 6 hustahimili volti 12 ikiwa injini inawaka upesi, na wengi wameiacha hivyo kwa miaka. Gharama yake hulipwa na meno: gia ndogo ya stata hurushwa kwa nguvu dhidi ya flaiwili, na meno hayo huliwa. Usibonyeze zaidi ya sekunde chache, wala usibonyeze injini ikiwa bado inazunguka. Kwa Beetle, kufunga stata ya volti 12 si kuchomoa na kuchomeka, kwa kuwa flaiwili ya volti 6 ina meno 109 na ya volti 12 ina 130.

Mota ya waipa, feni ya hita na geji ndizo zinazowasumbua watu. Rezista ni suluhisho rahisi, lakini huwa sahihi kwa mkondo mmoja tu. Mota inayovuta ampea 4 kwenye volti 6 itahitaji omu 1.5, na rezista hiyo itatoa wati 24 za joto nyuma ya dashibodi yenye mbao na vitambaa. Kisha kioo kikikauka na mota ikivuta zaidi, volti zake zinaanguka wakati inapozihitaji. Tumia kipunguza volti cha kielektroniki chenye uwezo wa ampea unaozidi mkondo wa mota, ukifunge kwenye bamba la chuma lipoze joto. Kwa geji za mafuta na joto, kipunguza volti kidogo cha ampea moja kinatosha kwa zote, na boya la tangi halihitaji kubadilishwa ilimradi geji inapata volti zake za zamani. Honi nayo ipewe rezista nene, kwani kazi yake ni ya sekunde moja moja.

Hatua ya nane: oltaneta, kama ni lazima

Chrysler waliifanya oltaneta, kifaa cha kuchaji kinachochukua nafasi ya dainamo, kuwa kifaa cha kawaida kwenye Valiant ya mwaka 1960, na faida yake ni ileile mpaka leo: huchaji hata kwenye sailensa. Dainamo ya Lucas C40 hutoa ampea 22, na oltaneta ndogo hutoa 35 hadi 55. Waya mkuu wa kahawia na amita ya ampea 30 havikutengenezwa kwa mzigo huo, kwa hiyo peleka waya mpya mnene kutoka oltaneta hadi betri, wenye fyuzi. Kumbuka kwamba katauti itolewe kwenye njia, au ibaki kama ganda la kuficha viungio, na taa nyekundu ya chaji iunganishwe kwa kuwa oltaneta nyingi hupata msukumo wa kwanza kupitia balbu hiyo. Ikiungua, zinaweza zisianze kuchaji. Kagua pia nyuma ya dainamo unayoitoa, kwa maana kwenye baadhi ya magari ndiyo inayoendesha kebo ya takometa au pampu ya usukani.

Oltaneta ikifungwa kinyume, daiodi zake hugeuka kuwa njia wazi ya shoti na huungua papo hapo. Wala usifungue betri injini ikiwa inazunguka, kama ulivyozoea na dainamo. Volti zitaruka na kuziua daiodi hizohizo.

Hatua ya tisa: kuwasha kwa mara ya kwanza

Usifunge betri moja kwa moja. Chukua balbu ya wati 21 ya volti za gari lako, uiweke kati ya nguzo ya betri na kebo yake, swichi zote zikiwa zimezimwa. Ikikaa giza, hakuna shoti. Ikiwaka kwa ukali, umeme unavuja mahali fulani: chomoa fyuzi na nyaya moja baada ya nyingine hadi izime, na kilichoizima ndicho chenye kosa. Saa ya dashibodi inaweza kuifanya imulike kidogo kwa mara moja inapojikaza, na hilo lisikutishe. Ukiridhika, funga kebo, jaribu kila taa peke yake, kisha washa injini na usome volti za betri. Kwa volti 12 utafute kati ya 13.8 na 14.5 injini ikienda kasi ya wastani.

Vifaa vyote ulivyovitoa, pamoja na karatasi zako za namba za nyaya, viweke kwenye sanduku moja libaki na gari. Karibu na betri bandika bamba la herufi kubwa lenye volti na ncha iliyo bodini, kwa sababu atakayeufungua mlango wa injini baada yako atakuja na kitabu cha kiwandani mkononi, na kitabu hicho kitamwambia kinyume.